Yowe Si la Ng'ombe Peke Yake

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kornelia alikamua ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa mpole. Wa pili, aliyeitwa Sabuni kwa sababu ya weupe wake, alikuwa na tabia ya kupiga teke ndoo wakati maziwa yanakaribia kujaa.

"Huyo anakuvizia," bibi yake, Qamara, alimwambia asubuhi moja, akiwa ameketi mlangoni amejifunika shuka. "Anasubiri ufurahi kwanza."

Kornelia alicheka, akamaliza kazi yake, akanawa na kuvaa sketi yake ya bluu na shati jeupe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Alijua kukamua, kusuka mkeka na kupiga hesabu za sehemu. Kitu kimoja tu kilimshinda. Hakuweza kupaza sauti. Hata mwalimu alipomwita jina, aliitika kwa sauti ndogo, na wenzake wa nyuma wakadhani hayupo.

Nyumba yao ilikuwa nusu saa kutoka Ziwa Basotu. Nyuma ya boma lao lilianza shamba la ngano la serikali, nalo liliendelea mpaka mahali ambapo macho hayafiki. Baba yake, Tadei, alikuwa dereva wa trekta katika shamba hilo, na mama yake, Perpetua, alilima bustani ya nyumbani. Njia ya kwenda shule ilipita pembeni mwa ngano, ikazunguka josho la kuogeshea ng'ombe, kisha ikavuka kilima. Zamani Kornelia alipita njia hiyo pamoja na rafiki yake Chiku, binti wa mwenye duka Yahaya. Lakini tangu mwezi wa tano Chiku alianza kupita barabara kubwa, ambayo ni ndefu zaidi. Alisema njia ya josho ina miiba mingi. Kornelia hakuona miiba yoyote, lakini hakubishana naye.

Mwaka huo shule yao ilipata mwalimu mpya, Mwalimu Letisia. Alikuwa mwembamba, mwenye kucheka haraka, na kabla ya kuja alikuwa amepitia Jeshi la Kujenga Taifa. Alipokagua daftari la mahudhurio, aliona kwamba mwaka uliopita wasichana wawili wa darasa la saba waliacha shule katikati ya mwaka. Aliuliza sababu. Akaambiwa kwamba walisumbuliwa njiani na watu wazima. Aliuliza watu hao walifanywa nini. Hakuna aliyejibu.

Basi akamwomba mwalimu mkuu kipindi kimoja kila Ijumaa mchana, na akaanza kuwafundisha wasichana wa darasa la tano hadi la saba namna ya kujilinda.

"Sitawafundisha kupigana," aliwaambia siku ya kwanza, wakiwa wamesimama katika uwanja wa mpira. "Mtu mzima ana nguvu kuliko ninyi. Nitawafundisha kutoka na kukimbia. Mkono wa mtu aliyekushika una mlango. Nani anajua mlango huo uko wapi?"

Wasichana walitazamana.

"Uko hapa." Akaonyesha kidole gumba. "Vidole vinne viko upande mmoja, hiki kiko peke yake. Usivute kwa kurudi nyuma. Zungusha mkono wako kuelekea kwenye gumba, uchomoe haraka. Kornelia, njoo. Jifanye unatoka shule. Mimi ni mtu mbaya."

Mwalimu Letisia akamjia kwa hatua nzito, akikunja uso. Kornelia akasimama, akainamisha kichwa na kusema kwa upole, "Shikamoo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Marahaba," alisema Mwalimu, naye akicheka huku akimshika mkono. "Na sasa nimekukamata. Sikilizeni, watoto wangu. Wazee tuwasalimie, hiyo ni mila yetu na ni nzuri. Lakini shikamoo husikika hata ukiwa hatua nne mbali. Heshima haipungui kwa hatua nne."

Kornelia alijifunza haraka. Mikono yake, iliyozoea kukamua, ilikuwa na nguvu, na kabla ya kipindi kwisha hakuna msichana aliyeweza kumshika kwa muda mrefu. Ndipo Mwalimu akasema, "Vizuri. Sasa tutajifunza sauti. Nikihesabu tatu, wote pigeni yowe. Moja, mbili, tatu!"

Wasichana arobaini wakapiga yowe kwa pamoja. Ndege wakaruka kutoka kwenye ngano. Wakapiga la pili, na la tatu.

Kabla ya la nne, waliona vumbi kilimani. Wanaume kama ishirini walikuwa wakishuka mbio, wengine na mikuki, wengine na fimbo, mmoja akiwa kifua wazi na mguu mmoja tu una kiatu. Nyuma yao dereva mmoja wa shamba la ngano alikuwa ameacha trekta lake likinguruma barabarani, naye anakuja na spana mkononi.

"Wamepita wapi?" aliuliza aliyetangulia, akihema. "Ni ng'ombe wa nani?"

"Hakuna ng'ombe, baba zangu," alisema Mwalimu Letisia. "Tulikuwa tunafanya mazoezi."

Kisha wanaume wote wakasema kwa wakati mmoja. Kwa watu wa huko, yowe si mchezo. Yowe hupigwa ng'ombe wakiibwa, nyumba ikiungua, au simba akiingia bomani, na kila mwanaume mwenye miguu ni lazima akimbie. Mtu akipiga yowe la bure, siku ya wizi hakuna atakayekuja.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ignasi, alikuja shuleni. Hakuwa mkali. Alisema, "Binti yangu, mikono wafundishe. Yowe liache. Yowe ni la ng'ombe."

Mwalimu Letisia alijaribu kueleza, lakini alikuwa mgeni na mdogo kwa umri. Akakubali. Tangu siku hiyo mazoezi yakaendelea kimya kimya. "Tunafanana na samaki wa Basotu," alilalamika Doto, mtani wa darasa. "Vinywa wazi, sauti hakuna." Kornelia peke yake ndiye aliyefurahi. Sauti ndiyo iliyokuwa inamshinda.

Ulifika mwezi wa saba, na mavuno ya ngano yakaanza. Kombaini zilipita mashambani tangu asubuhi hadi jioni, na wanawake wa vijijini walifuata nyuma kwa mbali kuokota masuke yaliyobaki. Ijumaa moja ilikuwa zamu ya Kornelia kufagia darasa, kwa hiyo alichelewa kidogo kutoka. Jua lilikuwa bado juu.

Alipofika karibu na josho, alimwona Xavery, mtunza josho, amesimama karibu na stoo ya dawa. Watu walimwita Bwana Josho. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya kaki, na kila mtu alimheshimu kwa sababu ndiye aliyepanga ni ng'ombe wa nani waogeshwe lini. Kupe hawangoji, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kwenye foleni.

"Shikamoo," alisema Kornelia akiwa mbali.

"Marahaba, mwanangu. Njoo unibebee ndoo hii mpaka ndani. Mgongo unaniuma."

Moyo wa Kornelia ulisita. Lakini tangu akiwa mdogo alifundishwa kwamba mtoto hutumwa na mtu mzima yeyote, na anayekataa huwaaibisha wazazi wake. Akabeba ndoo. Alipoiweka chini ndani ya stoo, mlango ulivutwa ukafungwa nyuma yake, na mkono ukamshika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Usiogope," alisema Xavery. "Umekua siku hizi. Kaa kidogo tuzungumze."

Kornelia hakufikiri. Mikono yake ilifikiri kwa niaba yake. Alizungusha kifundo kuelekea kwenye kidole gumba, akachomoa, akausukuma mlango kwa bega na kukimbia. Hakupiga yowe. Hata kilio hakikutoka. Alikimbia juu ya mabua makavu ya ngano mpaka akawakuta wanawake waokotaji, ambao walikuwa hatua mia tu kutoka kwenye josho.

"We Kornelia, unafukuzwa na nini?" aliuliza mmoja wao, Mama Juliana.

"Si kitu, mama. Nawahi nyumbani."

Jua lilipokaribia kuzama, Xavery mwenyewe alifika bomani kwao. Alisalimiana vizuri na Tadei, akakaa kwenye kigoda na kupewa maziwa.

"Tadei, nimekuja kwa huzuni," alisema. "Leo nilimtuma binti yako kazi ndogo ya ndoo. Alinisukuma na kukimbia. Mimi, rika la baba yake! Haya ndiyo mafunzo ya yule mwalimu. Jumatatu nitaiambia kamati ya shule iyafute."

Tadei alimgeukia binti yake. "Kornelia, ni kweli ulimsukuma?"

Kornelia alitazama chini. Maneno yalikuwa mengi, hakujua aanzie lipi. "Ndiyo, Baba," alisema mwishowe.

"Basi kesho asubuhi, tukipeleka ng'ombe kuogeshwa, utamwomba radhi palepale joshoni," alisema baba yake. Xavery alimaliza maziwa yake, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi Kornelia alikwenda kukamua. Aliogopa hata kutazama upande wa josho. Mkono wa kulia ulimuuma, kwa hiyo alikamua kwa wa kushoto, polepole. Bibi Qamara alimwangalia kutoka mlangoni.

"Mkono huo una nini?"

"Sabuni alinipiga teke, Bibi."

"Lete niuone."

Bibi aliushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Kulikuwa na alama nne nyeusi upande mmoja, na moja upande wa pili.

"Mjukuu wangu," alisema taratibu, "teke la ng'ombe halina vidole."

Kornelia alilia, na katikati ya kilio akaeleza yote: ndoo, mlango, mkono, mbio. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Wanawake walikuwa hatua mia kutoka hapo. Mbona hukupiga yowe?"

"Wazee walisema yowe ni la ng'ombe."

Bibi Qamara aliinuka. Alijifunga shuka lake vizuri, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka nje ya lango la boma. Hapo akasimama, akainua kidevu, akapiga yowe. Lilikuwa yowe la mtu mzee, kali na jembamba, na lilikwenda mbali sana juu ya mashamba yaliyovunwa.

Tadei alitoka zizini akikimbia. "Mama! Kuna nini?"

Bibi akapiga la pili.

Wanaume walikuja kutoka kila upande. Mzee Ignasi alifika na mkuki, na mabaki ya mswaki wa mti bado mdomoni. "Ni wangapi?" aliuliza. "Wamepita wapi?"

"Hakuna ng'ombe aliyeibwa," alisema Bibi.

Manung'uniko yakaanza. Bibi akainua fimbo yake, wakanyamaza.

"Wangekuwa ng'ombe, mngekimbia mpaka ng'ambo ya ziwa mkifuata nyayo. Haya, nyayo ninazo." Akauinua mkono wa Kornelia. "Ni za mtu mzima. Jana mchana huyu mtoto alifungiwa ndani ya stoo ya josho, akajiokoa mwenyewe. Hakupiga yowe kwa sababu ninyi mlimwambia yowe ni la ng'ombe. Niambie, Ignasi. Ndama akipotea tunapiga yowe. Mtoto wa kike akikamatwa, tunanong'ona. Nani alitufundisha hesabu hiyo?"

Mzee Ignasi alitoa mswaki mdomoni.

Tadei alisimama kama aliyepigwa na kitu kizito. "Na mimi nilitaka kumpeleka huko mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini, "akaombe radhi." Akamsogelea binti yake, akaweka mkono juu ya kichwa chake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuuliza swali moja tu, nikaridhika na jibu moja."

Kwa desturi ya watu wa wilaya yao ya Hanang, wanawake wana mkutano wao. Mwanaume aliyemdhulumu mwanamke huitwa mbele yao, na haruhusiwi kuukataa mwito. Saa nne asubuhi hiyo walikuwa wameshakusanyika zaidi ya sitini, kila mmoja na fimbo yake, wameketi kwenye nyasi karibu na josho. Mwalimu Letisia alikuwepo. Wanaume walikaa mbali. Xavery aliitwa, akasimama katikati na kofia yake mkononi.

"Mtoto hana adabu, hana kingine," alisema. "Kama nilimkamata, nani alisikia? Watu walikuwa hapo karibu. Nani alisikia chochote?"

Wanawake wakamgeukia Kornelia. Alisimama.

"Alinishika mkono," alisema.

"Hatusikii!" walisema wa nyuma.

Kornelia alimtazama mama yake, Perpetua, aliyekuwa ameketi mbele akishika kitambaa mdomoni. Akavuta pumzi.

"Alinituma ndoo, akafunga mlango, akanishika mkono! Mimi nikachomoa nikakimbia!" Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia, hata yeye ilimshtua. "Na hakuna aliyesikia kwa sababu sikupiga yowe. Mama Juliana aliniuliza ninakimbia nini. Nilimdanganya. Nilisema nawahi nyumbani. Na Baba nilimjibu nusu ya ukweli. Hayo ni makosa yangu. Lakini kushikwa si kosa langu."

"Ni kweli nilimwona," alisema Mama Juliana. "Alitokea upande wa josho, na alikuwa anatetemeka. Nilipaswa kuuliza mara ya pili."

Ndipo msichana mwingine akasimama pembeni. Alikuwa Chiku. Mtandio wake ulikuwa umemteleza mabegani na hakuurudisha.

"Hata mimi," alisema. "Mwezi wa tano. Ndoo hiyo hiyo. Njia ya josho haina miiba."

Xavery hakuuliza tena nani alisikia.

Wanawake walimtoza dume la ng'ombe la kuchinjwa, kama ilivyo desturi yao. Mzee Ignasi alimnyang'anya funguo za josho, na mchana huo huo yeye na Tadei walimpeleka kituo cha polisi Katesh, kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, kosa la namna hiyo haliishi kwa kuchinja ng'ombe. Ng'ombe wa Tadei hawakuogeshwa siku hiyo. Waliogeshwa Jumatatu, na mtunza josho mpya, na hakuna kupe aliyeua ng'ombe yeyote kwa sababu ya siku mbili.

Kabla watu hawajatawanyika, Mzee Ignasi alimwita Mwalimu Letisia. "Binti yangu, nilikukataza yowe. Nilikosea. Lakini wasiwasi wetu bado upo. Tutajuaje hili ni zoezi na hili ni la kweli?"

"Kila Ijumaa, kabla ya kuanza, tutagonga kengele ya shule mara tano," alisema Mwalimu. "Mkisikia kengele kwanza, endeleeni na kazi zenu. Mkisikia yowe bila kengele, njooni na mikuki."

"Na sisi je?" aliuliza Mama Juliana. "Sisi tulioolewa hatushikwi? Ijumaa tutakuja."

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa chepesi baada ya asubuhi nzito. Mwalimu Letisia akawageukia wasichana wake.

"Nataka mkumbuke jambo la leo," alisema. "Mikono ya Kornelia ilimtoa yeye ndani ya stoo. Ukweli alioutamka mbele ya watu ndio uliomtoa Chiku, na wengine ambao wangetumwa ndoo kesho. Mtu mbaya hategemei nguvu zake peke yake, hutegemea pia ukimya wetu. Mkubwa akikutuma mahali ambapo moyo wako unakataa, kataa, kisha mwambie mzazi au mwalimu siku hiyo hiyo, ukweli wote, bila kuukata nusu. Mtu asikuambie kwamba hiyo ni kukosa adabu."

Ijumaa iliyofuata kengele iligongwa mara tano. Uwanjani walikuwepo wasichana arobaini, na kina mama kumi na wawili ambao walikuwa wameacha masuke yao kwenye vikapu. Mama Juliana alishindwa kuchomoa mkono wake mara tatu, akalaumu kidole gumba cha Doto. Kisha Mwalimu akahesabu, na kila mmoja akapiga yowe kwa zamu yake. Kornelia alipofikiwa, alijaza kifua hewa, akafumba macho, akalitoa lote.

Jioni baba yake alirudi akiwa na vumbi la ngano mpaka kwenye kope. Alinawa uso, akakaa karibu na binti yake aliyekuwa anapepeta unga.

"Leo nimewasikia," alisema. "Sauti yako niliitambua."

"Uliitambuaje, Baba? Tulikuwa wengi."

"Wengine niliwasikia nilipozima trekta," alisema Tadei. "Wewe nilikusikia likiwa linanguruma."